Gari Linachemsha Nchi ya Baridi

Ukivuka Daraja la Kyaka, ambalo majeshi ya Idi Amin yalililipua mwaka 1978 yalipoivamia Kagera, unaacha nyuma mto ulio kwenye mwinuko wa mita 1,150 hivi kutoka usawa wa bahari. Kisha unaanza kupanda. Kilomita 59 za lami zinakufikisha Bugene, na kuanzia hapo uko juu kabisa, kwenye nyanda za Karagwe na Kyerwa ambazo sehemu kubwa iko kati ya mita 1,500 na 1,800. Asubuhi ya Juni pale Kayanga watu hutembea wamejifunika makoti, na ukungu huchelewa kuondoka kwenye migomba. Lakini ni katika barabara hizi hizi ambako hukosi kuona Probox imesimama pembeni, boneti juu, abiria wameshuka na mizigo yao ya ndizi, dereva kashika dumu la maji mkono mmoja na kitambaa mkono wa pili, anasubiri mvuke upungue.

Baridi ya nje haiisaidii injini kiasi ambacho watu hudhani. Karibu theluthi ya nguvu iliyomo ndani ya petroli haiendi kwenye magurudumu wala haitoki na moshi. Inaingia kwenye chuma cha injini kama joto, na joto hilo lazima libebwe na maji hadi kwenye rejeta. Gari dogo lililojaza watu kupita kiasi, linalopanda mlima kwa gia ya pili bila kasi ya kuleta upepo wa kutosha, linazalisha joto jingi wakati ambapo rejeta inapoza kidogo. Mfumo ukiwa mzima, hilo halina shida yoyote. Toyota waliiunda injini ya 1NZ-FE, ile ya sentimita za ujazo 1,497 iliyomo kwenye Probox na IST nyingi na baadhi ya Vitz zinazotumika huku, ili ipande milima ya Japani wakati wa kiangazi bila kulalamika. Ikichemsha, kuna kitu kimeharibika, au kuna kitu kimeondolewa.

Kilichoondolewa ndicho kinachonipa hasira zaidi.

Peleka gari linalochemsha kwenye gereji nyingi za kando ya barabara, si Karagwe pekee bali kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala, na matibabu ya kwanza utakayopewa ni kung'olewa themostati. Fundi atakutolea kidude cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, chenye springi na kofia ya shaba, atakirusha kwenye kopo la vyuma chakavu na kukupa maelezo ambayo kila mwenye gari anayajua kwa moyo: bosi, hiki ni cha nchi za baridi, huku kwetu hakina kazi, kinazuia maji tu. Gari litaondoka pale likiwa limepoa kweli. Mwenye gari atafurahi. Na wiki chache baadaye ataanza kushangaa kwa nini petroli haidumu.

Themostati ni mlango. Ndani ya kile kikofia cha shaba kuna nta. Injini ikiwa ya baridi, nta imeganda na mlango umefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu na kupata moto haraka. Yakifika nyuzi 80 hadi 84 kwa injini kama 1NZ-FE, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kijiti na mlango unafunguka polepole. Kwenye nyuzi 95 unakuwa wazi kabisa. Maji ya rejeta yakija ya baridi mno, nta inajikunja na mlango unajirudisha kidogo. Hakuna umeme wala kompyuta hapo. Mmarekani Sergius Vernet ndiye aliyeubuni utaratibu huu wa nta katika miaka ya 1930, na mpaka leo magari mengi duniani yanautumia.

Sasa fikiria mlango huo umeng'olewa, gari lipo Omurushaka, saa kumi na mbili asubuhi, nje kuna nyuzi 15. Maji yote yanapita rejeta tangu injini inawashwa. Injini inatembea safari nzima ikiwa haijafikia joto lake. Kompyuta ya gari inasoma kwenye kihisio kwamba injini bado ni ya baridi, na kazi yake kwa injini ya baridi ni kuongeza petroli, kama ilivyofanya ulipowasha gari alfajiri. Inaongeza na kuendelea kuongeza. Petroli isiyoungua vizuri inateleza kwenye kuta za silinda na kuosha oili, na unyevu ambao ungefukuzwa na joto unabaki ndani ya oili na kuifanya tope. Magari yanayofanya safari fupi fupi, Kayanga kwenda Omurushaka na kurudi, ndiyo yanayoumia zaidi.

Ubaya wa hesabu hii ya petroli unaonekana vizuri zaidi Kyerwa kuliko mahali pengine popote nchini. Katika orodha ya bei kikomo za mafuta ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitoa kila mwezi, Kyerwa huwa miongoni mwa maeneo yenye bei za juu kabisa Tanzania, kwa sababu mafuta husafiri kutoka bandarini hadi karibu na mpaka wa Rwanda na Uganda. Kwa hiyo wilaya inayolipa petroli ghali kuliko karibu wote, tena yenye hali ya hewa ya ubaridi, ndiyo ambayo mafundi wake wanawang'olea wateja kifaa kinachookoa petroli wakati wa baridi. Themostati mpya inagharimu chini sana ya tanki moja la mafuta.

Kuna jambo la pili pia, ambalo hata baadhi ya mafundi wenye uzoefu hawalijui. Injini nyingi za dizeli za Toyota, ikiwemo ile ya 1HZ ya Land Cruiser, zina themostati yenye sahani mbili. Moja inafungua njia ya rejeta. Nyingine, wakati huohuo, inafunga njia ya mkato inayorudisha maji ya moto ndani ya injini. Ukiing'oa themostati hiyo, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto haiendi kupozwa, inazunguka tu. Siku gari likibeba mzigo na kupanda, linachemsha kwa sababu ileile uliyodhani umeiondoa.

Kama umenunua gari mkononi na hujui kama themostati imo, angalia dashibodi. Magari mengi madogo ya Toyota ya miaka hii hayana mshale wa joto; yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa ya baridi na nyekundu inayowaka mambo yakishaharibika. Taa ya bluu inapaswa kuzima dakika chache baada ya kuanza safari. Ikiendelea kuwaka kilomita kadhaa, au ikizima ukiwa mlimani na kuwaka tena unapoteremka, ama themostati haimo, ama imekwama wazi.

Mfuniko wa rejeta na hesabu ya mwinuko

Kabla ya kununua spea yoyote, kuna kitu cha bei nafuu zaidi kinachopaswa kuangaliwa, na kwa watu wa milimani kina uzito wa pekee. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 pale Dar es Salaam. Kwenye mwinuko wa mita 1,600 yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa sababu hewa inayoyakandamiza ni nyepesi. Feni ya umeme ya magari mengi huanza kuzunguka joto likiwa nyuzi tisini na kitu. Yaani bila msaada wowote, maji ya Kayanga yangekaribia kuchemka wakati feni ndiyo kwanza inaamka.

Msaada huo ni mfuniko wa rejeta. Una springi inayoubana mfumo mzima hadi kiwango kilichoandikwa juu yake, mara nyingi 0.9 au 1.1. Kwa mfuniko wa 0.9 ulio mzima, maji ya hapa yanasogezwa hadi karibu nyuzi 115 kabla ya kuchemka, na kulanti ikichanganywa vizuri inaongeza nyuzi kadhaa tena. Mfuniko wenye mpira uliopasuka, au uliobadilishwa na wowote uliopatikana dukani, unakurudisha kwenye nyuzi 95. Dereva wa Dar es Salaam anaweza kuishi na mfuniko mbovu muda mrefu asijue. Akileta gari hilohilo Karagwe, litamwaibisha kwenye mlima wa kwanza.

Dumu

Ukimuuliza dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, anaongeza nini kwenye rejeta, wengi watakuonyesha dumu la lita tano lililo nyuma ya kiti, lenye maji ya mahali popote: bombani, kisimani, mtoni. Maji matupu yana kasoro tatu. Yanachemka mapema, yanaleta kutu na ukoko wa chokaa, na hayalainishi sili ya pampu. Chokaa huganda ndani ya vijia vya rejeta mpaka nusu yake inakuwa imeziba huku kwa nje inaonekana nzima. Alumini nayo huliwa taratibu. Injini za 1NZ-FE ni alumini, kichwa hadi bloku.

Ukibanwa njiani na huna budi kuongeza maji, Karagwe ina bahati moja. Nyumba nyingi zina matangi ya kuvunia maji ya mvua, na maji ya mvua hayana chumvi wala chokaa ya ardhini. Ni bora mara nyingi kuliko ya kisima. Lakini hata hayo ni ya kukufikisha nyumbani tu.

Kulanti yenyewe inataka macho. Ile ya pinki ya Toyota huuzwa ikiwa tayari imechanganywa, kwa hiyo usiiongezee maji. Nyingine huuzwa nzito, za kuchanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Na zipo chupa zenye maji ya rangi tu. Kipya kinyemi, wanasema, lakini kulanti ambayo haina hata utelezi kidogo ukiipaka kati ya vidole ni ya kurudisha dukani. Jambo moja zaidi, la maana kuliko yote kwa nyumba yenye watoto na mifugo: kulanti nyingi zina kemikali ya ethilini glaikoli, ambayo ni tamu na ni sumu kali. Mbwa, mbuzi na mtoto mdogo wataionja kwa hiari. Usiimwage kwenye kibanja wala mfereji unaoteremka kisimani.

Zamani rejeta zilikuwa za shaba na zikitoboka zilitiwa lehemu. Lehemu ile ilikuwa mchanganyiko wa risasi na bati, na bati ni madini ambayo yamechimbwa Kyerwa tangu enzi za ukoloni. Pengine rejeta fulani ya lori la kahawa iliwahi kuzibwa kwa jiwe lililotoka vilima vya jirani. Rejeta za leo ni alumini zenye vichwa vya plastiki, na lehemu haizishiki. Zikipasuka kichwa, zinabadilishwa.

Pampu inavyokufa

Wota pampu ni kifaa chenye mhimili mmoja tu. Mbele kuna puli inayozungushwa na mkanda, nyuma ndani ya injini kuna mapanga yanayosukuma maji, na katikati kuna beringi na sili inayozuia maji yasiifikie beringi. Sili ndiyo inayotangulia kufa, kwa maji machafu au kwa kukauka siku gari lilipotembea bila maji. Chini ya shingo ya pampu watengenezaji waliacha kitundu kidogo makusudi, ili maji yanayopenya sili yatoke nje badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona michirizi ya pinki au ukoko mweupe umeganda chini ya kitundu hicho, pampu inakuaga. Wapo wanaokiziba kwa gundi. Matokeo yake ni beringi kujaa maji, puli kuanza kucheza, mkanda kuruka, na siku hiyo hiyo altaneta kuacha kuchaji.

Dalili ya pili ni sauti: mngurumo mkavu upande wa mkanda ambao unabadilika ukiongeza mafuta. Zima injini, shika puli, jaribu kuitikisa mbele na nyuma. Haipaswi kucheza hata kidogo.

Kwa injini ya 1NZ-FE ninapendekeza pampu na themostati vibadilishwe siku moja, hata kama ni kimoja tu kilichokufa. Vyote viko upande wa mkanda, vyote vinadai kumwaga maji, kufungua mkanda na kuiondoa altaneta. Kazi ngumu ni ya kuvifikia. Ukishavifikia, kubadilisha kimoja na kuacha kingine chakavu ni kujiandalia Jumamosi nyingine ya namna hiyohiyo. Mkanda nao ukiwa na nyufa, huu ndio wakati wake.

Spea nzuri kwa kawaida hazipo dukani Kayanga siku unayozihitaji. Watu huagiza Bukoba, Mwanza au Gerezani jijini Dar es Salaam zikaja kwa basi, na wengine wa upande wa Murongo huvuka kwenda Uganda hadi Mbarara. Popote unapoagiza, tuma namba ya chesisi, usitume jina la gari peke yake. Themostati inapaswa kuwa na nyuzi zake zimegongwa kwenye chuma, mathalani 82. Pampu usinunue ya mtumba. Injini ya mtumba unaweza kubahatisha, rejeta ya mtumba pia. Lakini sili ya pampu iliyokwisha kuzoea mhimili wake ikakauka miezi kwenye kontena haitarudia kazi yake vizuri. Aisin ni miongoni mwa wanaoitengenezea Toyota pampu zake, na bidhaa zake zinaigizwa sana, kwa hiyo angalia ubora wa uchapaji wa boksi na uzito wa kitu chenyewe mkononi.

Kazi yenyewe, uani

Gari lilale usiku kucha. Hakuna dharura inayohalalisha kufungua mfuniko wa rejeta ya moto. Maji yaliyokuwa yamebanwa kwenye nyuzi 110 yakiachiliwa ghafla kwenye hewa ya Karagwe yanageuka mvuke papo hapo, na uso wa mtu ndio unaoyapokea. Asubuhi, liegeshe likiwa limeelekea mlimani kidogo, pua juu, magurudumu ya nyuma yamezuiwa kwa mawe. Sababu ya pua kuwa juu itakuja baadaye. Huku, tofauti na Dar, hakuna haja ya jeki kupata mteremko: karibu kila ua una wake.

Vifaa si vingi. Spana na soketi za namba 10, 12 na 14, bisibisi, koleo la klipu za mipira, beseni, tochi, matambara. Toa kichwa cha hasi cha betri kwanza, kwa sababu utashughulika na altaneta, ambayo ina waya usiolala. Weka beseni chini ya rejeta, fungua kizibo cha plastiki kilicho pembeni chini, kisha mfuniko wa juu ili maji yashuke haraka. Mfumo wote wa gari hili unachukua takribani lita tano. Angalia kilichotoka. Pinki safi ni habari njema. Maji ya kahawia yenye chembe yanakuambia utahitaji kuosha mfumo mara kadhaa kwa maji safi kabla ya kuweka kulanti mpya. Ukiona utando wa mafuta juu ya beseni, simama hapo hapo, usome sehemu ya mwisho ya makala haya kwanza.

Kabla hujagusa mkanda, legeza bolti za puli ya pampu. Mkanda ukiwa bado umekaza, unaishikilia puli isizunguke. Ukishautoa, puli itazunguka na spana yako na utajikuta unaishikilia kwa bisibisi huku unanuna. Baada ya hapo legeza bolti za altaneta, isukume ndani, toa mkanda, kisha iondoe altaneta yenyewe. Nyuma yake utaona mpira wa chini wa rejeta unaingia kwenye shingo iliyoshikwa na nati mbili za namba 10. Hapo ndipo themostati inakaa, au ndipo utakapogundua kwamba kuna mtu alikutangulia.

Ikiwa imo, itazame kabla ya kuitoa. Kwenye ukingo wake kuna kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza. Hicho ni cha kupitisha hewa, na kinapaswa kuwa juu. Mpya irudi hivyo hivyo, kipini juu, pete mpya ya mpira imevalishwa kuzunguka ukingo. Hakuna silikoni hapo. Tabia ya kujaza silikoni kila mahali ndiyo inayoziba vijia vya rejeta kwa vipande vyeusi miezi sita baadaye.

Pampu hushikwa na bolti na nati ndogo, zote za namba 10. Ikigoma kutoka, igonge taratibu kwa kipini cha nyundo cha mti; usiingize bisibisi kwenye maungio. Ukishaitoa, mabaki ya gasketi ya zamani yagandue kwa kipande cha mti mgumu kilichochongwa bapa. Hapa wengi hutumia patasi au wembe wa msumeno, na alama moja iliyochimbika kwenye alumini inatosha kuvujisha maji milele. Safisha hadi ukipitisha ukucha hausikii kitu. Weka gasketi mpya, pachika pampu, kaza bolti kwa mkono kwanza, kisha kwa spana fupi, kwa kuruka upande hadi upande badala ya kuzifuata kwa mzunguko. Ni bolti nyembamba kwenye chuma laini. Uzi ukivunjika ndani ya bloku ya alumini, kazi ya Jumamosi moja inakuwa ya wiki nzima.

Mkanda ukirudi, ubane kwa altaneta hadi ukiukandamiza kwa dole gumba katikati ya puli mbili unashuka kama sentimita moja. Wanaobana hadi ulie wanadhani wanafanya wema. Wanaua beringi za pampu mpya.

Sufuria jikoni

Kuna jaribio ambalo hufanyika kabla ya kufunga themostati mpya, na mke wa mwenye gari anapaswa kuombwa ruhusa, kwa sababu sufuria itakayotumika haitarudi kupika. Ifunge themostati kwa uzi, iningʼinize ndani ya maji isiguse chini, pasha taratibu. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni utaona mlango ukianza kuachia kwenye nyuzi themanini na kidogo. Bila kipimajoto, angalia hivi: ianze kufunguka kabla maji hayajatokota, na maji yakitokota kwa nguvu iwe imefunguka karibu yote. Kwa mwinuko wetu kipimo hiki kinakaa vizuri ajabu, kwa kuwa maji ya Kayanga yanatokota kwenye nyuzi 95, joto lilelile ambalo themostati hii inatakiwa iwe wazi kabisa. Itoe, iache ipoe, hakikisha imefunga hadi usione mwanga pembeni. Themostati mpya zinazoshindwa jaribio hili zipo, na ni afadhali uzione jikoni kuliko mlimani.

Fanya jaribio hilo pia kwa ile ya zamani. Ikifunguka na kufunga sawasawa, tafuta kosa kwingine.

Kufukuza hewa

Sehemu hii ndiyo huharibu kazi za watu waliofanya mengine yote vizuri. Hewa iliyobaki ndani ya injini hukaa sehemu ya juu, karibu na kichwa, ambako chuma ni cha moto zaidi, na pale penye hewa hakuna maji ya kubeba joto. Kihisio nacho kikizungukwa na hewa kinasoma uongo. Ndiyo maana gari liliegeshwa pua juu: mdomo wa rejeta sasa uko juu kuliko sehemu nyingine, na hewa inapanda yenyewe kuja kutokea hapo.

Mimina kulanti polepole, kikombe kwa kikombe, huku ukiminya mipira ya juu na ya chini kwa mkono. Weka hita ya gari kwenye joto la juu kabisa ili njia yake nayo ijae. Washa injini, mfuniko ukiwa wazi, na uendelee kuongeza kadiri maji yanavyoshuka. Hapa kitabu kilichoandikwa kwa watu wa usawa wa bahari kinaweza kukuponza. Wengi hushauri usubiri hadi feni iwake mfuniko ukiwa bado wazi. Kwa mwinuko huu, maji yasiyobanwa yanaweza kufura na kumwagika kabla feni haijaanza. Kwa hiyo shika mpira wa chini. Ukianza tu kupata uvuguvugu, themostati imeanza kufunguka, funga mfuniko. Acha injini iendelee hadi feni iwake na kuzima mara mbili. Zima, acha ipoe kabisa, fungua, ongeza kilichopungua, jaza tanki dogo la akiba hadi alama ya juu.

Kesho yake asubuhi angalia tena kabla ya kuwasha. Kupungua kidogo ni kawaida, ni hewa ya mwisho iliyotoka. Siku chache baadaye, panda nalo mlima unaoufahamu likiwa na mzigo wake wa kila siku, kisha pima tena.

Pale unapopaswa kumwita fundi

Si kila gari ni la kufanyia kazi uani. Noah za zamani zenye injini ya 3S-FE iliyolala chini ya viti vya mbele zina wota pampu inayozungushwa na mkanda wa taimingi. Kuifikia ni lazima mkanda huo utolewe na urudishwe alama kwa alama, na kukosea meno machache kunaifanya injini ikatae kuwaka au iwake bila nguvu. Hiyo ni kazi ya mtu aliyewahi kuifanya, na ukiwa naye mwagize abadilishe mkanda na pampu kwa mpigo mmoja.

Hali ya pili ni ile ya maji kupungua kila siku huku pampu mpya, mipira na rejeta vyote vikiwa vikavu. Fungua mfuniko asubuhi injini ikiwa ya baridi, washa, tazama mdomo wa rejeta. Vipovu vinavyotoka bila kukoma, moshi mweupe mzito kwenye ekzosi ambao hauishi injini ikipata joto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti chake: hizo ni dalili za gasketi ya silinda hedi kuungua, na kwa kawaida iliungua siku ile dereva aliposema ngoja nifike tu Nkwenda. Kichwa cha alumini kilichopata moto namna hiyo hupinda, na kinahitaji mashine ya kukisawazisha kabla ya gasketi mpya, mashine ambayo mara nyingi unaifuata Bukoba au Mwanza. Gharama yake inazidi mara nyingi themostati, pampu, mfuniko na kulanti vikijumlishwa pamoja, na kila kilomita unayoendelea kutembea nalo likiwa hivyo inaongeza bili.